Mtu aliyenyimwa toba: barua zenu kuhusu Hamlet

Tangu tuchapishe muhtasari wa Hamlet katika toleo lililopita, barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea, na karibu zote zinagombana na mtu mmoja, mwana wa mfalme wa Denmark. Kwa aliyekosa toleo lile, kisa ni hiki. Mfalme anakufa ghafla akiwa amelala bustanini, na watu wanaambiwa kaumwa na nyoka. Ndugu yake, Claudius, anatwaa kiti na kumwoa mjane, Gertrude. Usiku mzuka wa marehemu unamtokea mwanawe, Hamlet, unamwambia kwamba nyoka yule ndiye anayevaa taji sasa, kwamba alimmiminia sumu sikioni, na kwamba mwana ana deni la kulipa. Mpaka deni hilo linalipwa wamekufa watu wanane: Polonius mshauri wa mfalme, binti yake Ophelia, mwanawe Laertes, Rosencrantz na Guildenstern waliokua pamoja na Hamlet, Gertrude, Claudius, na Hamlet mwenyewe. Shakespeare aliiandika kama mwaka 1600, na ikachapwa London mara ya kwanza mwaka 1603. Mimi nimeifundisha miaka 23 katika shule ya bweni ya wasichana, na hakuna mwaka niliofika mwisho wake nikiwa mtulivu.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu kijana, nafundisha Kidato cha Sita. Wanafunzi wangu wamepiga kura darasani wakaamua kwamba Hamlet ni mwoga. Muuaji anamjua tangu Kitendo cha Kwanza, mbona anamwua Kitendo cha Tano? (Msomaji, Korogwe)

Marahaba mwanangu. Wape hao wanafunzi karatasi waorodheshe anachokifanya, wasiorodheshe anachokisema, maana Hamlet hujitukana mwenyewe kuliko adui yeyote anavyoweza kumtukana, na wasomaji wengi huyachukua matusi yale kuwa ushahidi. Anaufuata mzuka gizani peke yake, wenzake wakimshika asiende. Meli yake inaposhambuliwa na maharamia, yeye ndiye anayerukia chombo chao. Akisikia sauti ya mtu nyuma ya pazia la ukutani chumbani kwa mama yake, anachoma upanga papo hapo bila kuuliza ni nani. Hapo ningemshtaki kwa pupa. Kwa woga, hapana.

Kinachomchelewesha mwanzoni ni ushahidi. Mzuka unasema umefungwa mahali pa moto mpaka madhambi yake yateketezwe na kutakaswa. Msomaji Mkatoliki atapatambua mara moja, ni toharani. Lakini Hamlet anasoma Wittenberg, mji ambao Martin Luther alifundisha na kuanzisha mageuzi yake ya kanisa mwaka 1517, na watu waliokuwa wakitazama mchezo huu London walikuwa wa kanisa ambalo tangu 1563 lilikataa fundisho la toharani kwa maandishi. Sasa kama toharani haipo, aliyesimama pale kwenye kuta za ngome usiku wa manane ni nani? Hamlet mwenyewe analisema wazi: huenda ni shetani aliyevaa sura ya baba yangu ili anipoteze. Kijana wa chuo anaambiwa na kiumbe cha usiku akamwue mfalme ambaye pia ni baba yake mdogo. Waulize wanafunzi wako nani kati yao angeamka asubuhi akachukua kisu.

Ushahidi anaupata Kitendo cha Tatu. Wachezaji wanaigiza mauaji ya kumwaga sumu sikioni, na Claudius anainuka katikati ya mchezo akitaka taa. Kuanzia hapo shaka imekwisha, na ndipo tunapokuwa na haki ya kumuuliza Hamlet anangoja nini. Dakika chache baadaye anapata nafasi ambayo hataipata tena kwa amani, na anaiacha. Barua inayofuata imepagusa hapohapo.

Swali: Mwalimu, mimi ni katekista. Nilipofika mahali Hamlet anamkuta Claudius akisali na kuurudisha upanga alani, nilimshukuru Mungu. Nikasema hapa kijana amelikumbuka neno la Paulo kwa Warumi, "Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa." Mke wangu anasema nimesoma vibaya. Tuamue. (Msomaji, Morogoro)

Mkeo amesoma vizuri, ndugu yangu. Naomba mniruhusu nikae hapa kwa muda, maana kwangu tamthilia nzima inageukia hapa, Kitendo cha Tatu, Onyesho la Tatu, katika mistari ambayo watu huipita wakikimbilia mauaji.

Claudius amebaki peke yake. Kwa mara ya kwanza hana wa kumdanganya, na anakiri: dhambi yake inanuka mpaka mbinguni, ina laana ya kale kuliko zote, laana ya kumwua ndugu. Anataka kusali, hawezi. Anajiuliza kama mtu anaweza kusamehewa huku bado amekishikilia kile alichokipata kwa dhambi, na anakitaja kimoja kimoja: taji, tamaa yake ya ukubwa, na malkia. Sisi tuliokaa chuoni mbele ya maalimu tulikaririshwa masharti ya toba: uiache dhambi, uijutie, uazimie kutoirudia, na ikiwa ni haki ya mtu, uirudishe. Claudius anayajua masharti yote, kama vile naye aliketi kwenye mkeka uleule. Anajua linalomshinda ni lile la mwisho. Kurudisha. Hata hivyo anapiga magoti, labda itafaa.

Hapo ndipo Hamlet anapoingia, upanga mkononi, na kumwona mgongo. Sasa sikiliza anachosema, katekista, maana hakumbuki neno lolote la Paulo. Anasema nikimwua sasa atakwenda mbinguni, na hiyo itakuwa ujira na mshahara, haitakuwa kisasi. Baba yangu alikatwa madhambi yake yakiwa yamechanua, hakupata kujitengeneza. Basi upanga urudi alani ungoje saa mbaya zaidi: akiwa amelala kalewa, au ana hasira, au yuko kitandani katika raha yake ya haramu, au anacheza kamari, au anaapa. Hapo nimwangushe ili visigino vyake vipige teke mbinguni na roho yake iende nyeusi kama jehanamu inakokwenda.

Samuel Johnson, mhakiki wa Kiingereza aliyehariri tamthilia za Shakespeare mwaka 1765, alisema maneno haya yanatisha mno kusomwa au kutamkwa. Wapo waliokuja baadaye wakajaribu kumwokoa Hamlet, wakasema hakumaanisha, alikuwa anatafuta kisingizio tu cha kuahirisha. Mimi siamini hivyo. Naamini alimaanisha kila neno, na nitawaambia kwa nini, jambo ambalo darasani nililizunguka kwa miaka mingi.

Kaka yangu aliuawa mwaka 1972, nikiwa darasa la sita, upande wa Pangani, kwa panga, katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Iligombewa minazi mitatu. Aliyemkata alifungwa. Baba yangu hakuwahi kutamka kwamba atalipa kisasi, alikuwa mtu wa swala, fundi wa kushona kanzu, sauti yake hata kuku hawaikimbii. Jioni moja jirani aliyekwenda gerezani kumtazama ndugu yake alipita kwetu na habari. Akasema yule bwana siku hizi anaswali sana, akisujudu analia, na hata sigara ameacha. Alidhani anamletea baba faraja. Sinia lilikuwa limeshawekwa. Baba alilisukuma, akasema, "Mungu asimpokelee." Mama akamwambia, "Astaghfirullah, baba watoto." Akarudia, "Asimpokelee." Yule mtu alipomaliza kifungo akarejea kijijini, na baba akaanza kwenda msikiti wa kijiji cha pili, alfajiri na magharibi, na magoti yake yalikuwa mabovu tayari. Hakutaka kusimama naye safu moja akasikia sauti yake ikiitikia amin. Nilipokuja kuisoma Hamlet mara ya kwanza, chuoni, baba alikuwa bado anautembea mwendo ule. Nikafika mahali kijana amesimama nyuma ya mtu aliyepiga magoti, nikafunga kitabu, nikatoka nje.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema haya hayawezi kusemwa na mtu mwema. Baba yangu alikuwa mtu mwema.

Qur'ani, Sura ya 17, aya ya 33, inampa mrithi wa aliyeuawa kwa dhuluma nguvu ya kudai, na hapohapo inamwekea mpaka, asipite kiasi katika kuua. Zamani nilidhani kupita kiasi ni kuua wawili kwa mmoja, au kumkata viungo aliyekwisha kufa. Hamlet ndiye aliyenifundisha kwamba mtu anaweza kupita kiasi upanga ukiwa alani. Damu ya baba yake ina bei, na bei hiyo ni uhai wa Claudius. Yeye anataka na akhera yake. Paulo anasema muachieni Mungu. Hamlet hamwachii, anaingiza mkono wake ndani ya mkono wa Mungu ili aushike usifunguke kwa msamaha.

Shakespeare naye hakumwacha salama. Hamlet akishatoka tu, Claudius anainuka na kusema kwamba maneno yake yanapaa, mawazo yamebaki chini. Kumbe sala haikusaliwa. Angechomwa upanga dakika ile, angekufa na dhambi zake zote kama Hamlet alivyotaka. Tunaojua hilo ni mimi na wewe tuliokaa tunatazama. Kutoka hapo Hamlet anakwenda moja kwa moja kwa mama yake, na humo chumbani anamwua Polonius akidhani ni mfalme. Kifo cha Polonius kinamtia Ophelia wazimu, kinamrudisha Laertes kutoka Ufaransa, kinaleta sumu kwenye ncha ya upanga. Hesabu, katekista: wote wanane wanakufa baada ya onyesho hili. Claudius angekufa pale alipopiga magoti, wale saba wangekuwa hai. Na kama Hamlet angemwacha pale kwa sababu uliyoidhania wewe, ungekuwa mchezo mwingine kabisa, na ningependa kuusoma.

Swali: Assalaam alaykum Bi Mwalimu. Kwetu mke akifiwa aweza kuolewa na shemeji yake, na watu wakashukuru kwa kuwa watoto hawakutoka mikononi mwa ukoo. Hamlet amtukania nini mamake? Tena nataka kujua, Gertrude alijua kwamba mumewe kauawa? (Mama wa watoto wanne, Mombasa)

Waalaykum salaam dada yangu. Kwao jambo hili lilikuwa haramu ya wazi, kuoa mke wa ndugu kulihesabiwa sawa na kuoa maharimu, na Waingereza wa wakati ule walikuwa na sababu ya kulijua vizuri. Mfalme Henry wa Nane alimwoa Catherine wa Aragon, mjane wa kaka yake Arthur, mwaka 1509, kwa ruhusa maalumu ya Papa. Baadaye akadai ndoa hiyo ilikuwa haramu tangu mwanzo, ikabatilishwa mwaka 1533, na binti aliyezaliwa mwaka huohuo na mke wake mpya, Anne Boleyn, ndiye Malkia Elizabeth aliyekuwa kitini Shakespeare alipokuwa akiandika. Mtu wa London asingeweza kumtazama Gertrude na shemeji yake akasema haya ni mambo ya nyumbani kwao.

Lakini hata ukimpima kwa sheria yetu, dada, tazama siku. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi. Hamlet anasema baba yake hajatimiza miezi miwili kaburini, na kwamba mama aliolewa ndani ya mwezi mmoja. Anasema vyakula vya matanga vililiwa vikiwa baridi kwenye meza za harusi. Mwanamke wa Mombasa hahitaji kuelezwa uchungu wa maneno hayo.

Kuhusu kujua, mimi nasema hakujua. Chumbani, Hamlet anapomrushia neno la kuua mfalme na kumwoa ndugu yake, Gertrude analirudia kama mtu aliyesikia lugha ngeni. Katika chapa ile ya mwaka 1603, ambayo ni fupi na ina tofauti nyingi, malkia anaapa waziwazi kwamba hakujua lolote na anaahidi kumsaidia mwanawe. Chapa za baadaye hazina kiapo hicho, ila sioni mahali zinapomhukumu. Na mzuka wenyewe, ambao una kila sababu ya kumchukia, unamwamuru mwanawe asimdhuru mama, amwachie Mungu na miiba iliyo kifuani mwake. Marehemu alijua kupima kuliko mwanawe, angalau kwa mkewe.

Swali: Rosencrantz na Guildenstern walistahili kufa? Tuligombana hosteli mpaka saa nane za usiku. (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Hawakustahili, na nashangaa ubishi ulifika saa nane.

Ni kweli waliitwa na mfalme wampeleleze rafiki yao, wakakubali, na walipoulizwa walijiumauma. Hilo ni doa. Kisha wanampeleka Hamlet Uingereza na barua iliyofungwa kwa muhuri, inayoagiza akatwe kichwa. Hakuna mstari hata mmoja unaoonyesha kwamba waliijua barua hiyo ndani ina nini. Hamlet anaifungua usiku melini wenzake wakiwa wamelala, anaandika nyingine, anaipiga muhuri kwa pete ya baba yake, na mpya inaagiza wachukuzi wauawe mara moja. Mngekuwa darasani kwangu ningewaomba msome kipande kimoja kidogo tu cha barua hiyo: wauawe bila kupewa muda wa kitubio. Hakuhitaji kuliandika neno hilo. Aliyetaka tu kujiokoa angeandika wafungwe, au wauawe, akanyamaza. Kijana ambaye moyo wake ulipasuka kwa kuwa baba yake alikufa bila kuungama, bila komunyo, bila kupakwa mafuta, anaketi kwenye meza ya meli na kuagiza rafiki zake wa utotoni wafe vivyo hivyo. Anapomsimulia Horatio anasema hawako karibu na dhamiri yake. Na Horatio, mtu ambaye Hamlet anamwamini kuliko wote, hamwambii umefanya vyema. Anasema kwa hiyo wamekwenda, na baadaye anamlaani mfalme. Mimi husikia ukimya mkubwa katikati ya maneno hayo mawili.

Swali: Mwalimu, nipo Muscat, nasoma safu yako kwenye simu watoto wakilala. Ophelia alijiua? Nimemlilia kuliko wengine wote. (Msomaji, Oman)

Na mimi vivyo hivyo, mwanangu. Hajamkosea mtu. Kaka yake anamwambia asimsikilize Hamlet, baba yake anamwambia arudishe barua zake, anatii, kisha anatumiwa kama chambo huku baba na mfalme wakijificha wasikilize. Hamlet anamtukana mchana kweupe. Halafu mtu aliyempenda anamwua baba yake, na mazishi ya baba yanafanywa kwa kificho, haraka haraka, bila heshima. Nani angebaki na akili?

Jinsi alivyokufa tunaambiwa na Gertrude: alipanda kwenye mti ulioinamia kijito atundike mashada ya maua, tawi likavunjika, nguo zake zikatanda na kumwelesha kwa muda huku akiimba, kisha zikajaa maji. Hakuruka. Wala hakujiokoa. Mimi nasema asiye na akili haandikiwi, na sitaongeza hapo.

Wachimba kaburi wanabishana kama anastahili kuzikwa kikristo, na mmoja anasema kweli ambayo maskini wa kila nchi wanaijua: asingekuwa binti wa mkubwa asingezikwa humu. Kasisi anampunguzia ibada, hataki aimbiwe kama wengine, kwa kuwa kifo chake kina shaka. Laertes anamjibu kasisi kwamba dada yake atakuwa malaika wakati yeye kasisi amelala akiomboleza motoni. Siku zote mstari huo ulipigiwa makofi na wasichana wangu. Mwaka 1579 msichana mmoja aitwaye Katherine Hamlett alizama katika mto Avon, karibu na Stratford, na uchunguzi ukaamua kwamba aliteleza akichota maji. Shakespeare alikuwa kijana wa miaka 15, mji ni huo, mto ni huo. Sidai kwamba ndiye Ophelia. Ila najua vijijini kesi ya namna hiyo inazungumzwa miaka mingi, na kila kisimani wanawake wana hukumu yao.

Swali: Ningekuwa baba wa wote wawili ningejivunia Laertes. Kauliwa baba, karudi na watu, kavunja mlango, kataka haki. Huyo ndiye mwanamume. Unasemaje? (Mzee mstaafu, Arusha)

Shikamoo mzee wangu. Nasema soma Kitendo cha Nne mpaka mwisho. Claudius anamuuliza Laertes yuko tayari kufanya nini kuthibitisha kwamba ni mwana wa baba yake. Laertes anajibu kwamba atamkata Hamlet koo kanisani. Na Claudius anasema ndiyo, hakuna mahali pa kumlinda muuaji, kisasi hakipaswi kuwa na mpaka. Hayo yanasemwa na mtu ambaye yuko hai kwa sababu alikutwa amepiga magoti. Kila nikiyafikia nywele zinanisimama. Laertes hakuchelewa, ni kweli, na matokeo ya kutochelewa kwake ni kwamba anakuwa chombo cha muuaji katika siku moja. Analeta sumu aliyoinunua kwa muuza dawa, anaipaka kwenye upanga wa mchezo ambao ulipaswa kuwa butu, na anamchoma mwenzake ambaye muda mfupi kabla alimwomba radhi mbele ya watu wote.

Lakini sitaki kumwacha Laertes hapo, maana kuna jambo analolifanya ambalo hakuna mwingine anayelifanya. Panga zimebadilishana mikono katika purukushani, naye amechomwa kwa sumu yake. Anajua ana dakika chache. Angeweza kunyamaza. Anasema nimeuawa kwa haki, kwa hila yangu mwenyewe. Anamtaja mfalme. Kisha anaomba: tusameheane, Hamlet mtukufu, kifo changu na cha baba yangu visiwe juu yako, wala chako kisiwe juu yangu. Hamlet anajibu kwamba Mungu amwondolee. Ni mtu huyuhuyu, mzee wangu, aliyemngoja Claudius atoke kwenye sala, aliyewanyima wenzake kitubio kwa mwandiko wake. Sasa anaombwa na muuaji wake na anatoa palepale, bila masharti, damu ikimtoka. Claudius yuko hatua chache kutoka hapo, na maneno yake ya mwisho yalikuwa ya kuwaita marafiki wamtetee, kwamba amejeruhiwa tu.

Swali: Kiingereza changu ni cha shule ya msingi. Nianzie wapi? (Fundi cherehani, Singida)

Shakespeare ninaye kwenye rafu kwa Kiswahili: Mwalimu Nyerere alimtafsiri Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na S. S. Mushi alitafsiri Makbeth mwaka 1968. Anza na Makbeth, maana ina muuaji mwingine anayetamani kusema amin na neno linakwama kooni. Ukitaka Hamlet, tafuta mtu anayesoma Kiingereza akufafanulie Kitendo cha Tatu, Onyesho la Tatu peke yake, haifiki kurasa nne. Halafu lichezeni mkiwa wawili, kama nilivyowafanyia wasichana wangu. Mmoja apige magoti aupe mlango mgongo, mwingine asimame nyuma yake na rula ya kukatia kitambaa. Aliyepiga magoti asigeuke hata kidogo mpaka mwenzake atoke chumbani. Kisha mbadilishane nafasi na mrudie tangu mwanzo.